Malalamiko Kuhusu Mtoto Aliyekomaa

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Macho, ghorofa ya pili.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: JINA LA UGONJWA LILILOIVUNJA NYUMBA YANGU KWA SIKU TANO

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wanaofanya kazi chini ya zile taa zako kali. Mimi ni mgonjwa wako wa jicho la kulia, yule mchora mabango uliyemuuliza kama bluu iliyo kwenye kucha zake ni ugonjwa au ni rangi. Upasuaji wako sina neno nao. Jicho linaona. Ninacholalamikia ni maneno. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nimekula kwa maneno miaka thelathini na tisa, nayajua yanapokaa vibaya, na nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Kuhusu simu ya Alhamisi.

Kwa miaka miwili nilikuwa naitazama dunia kama kupitia kioo cha bafuni. Sikumwambia mtu. Mchora mabango asiyeona ni kama mpiga ngoma asiyesikia. Wateja humwonea huruma, kisha huenda kwa mwingine. Lakini kazi haifichiki. Mama muuza chai wa kituoni aliniagiza bango la CHAI MOTO, nikamchorea CHAI MOJA, na mpaka leo wapita njia humuuliza kama bado ipo. Mwenye duka la dawa alitaka bango jeupe, akapata la njano. Nikamwambia ndiyo fasheni.

Zaidi ya wote nilimficha mke wangu. Yeye ni mshonaji, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, huku anaongea, huku anatazama pembeni. Kwa hiyo kila Jumanne nilipokuja kwenu nilimwambia nakwenda kwenye kikao cha mafundi. Fomu yenu ikaniomba namba ya simu. Yangu sikuweza kuisoma, nikaandika ile pekee ninayoijua kichwani, ambayo ni ya mke wangu. Naona kosa hilo ni la fomu, kwa kutouliza namba ni ya nani.

Alhamisi asubuhi muuguzi wako akapiga. Mke wangu alikuwa anampima mteja, simu akaipokea mama mkwe, ambaye anaishi nasi na husikia vizuri anachotaka kusikia. Nayaandika maneno ya muuguzi kama mama mkwe anavyoyasimulia, na ameyasimulia mara nyingi.

"Mwambieni mzee mtoto wake ameshakomaa. Aje Jumatatu tumtoe."

Mama mkwe akauliza mtoto gani.

"Wa kulia. Wa kushoto bado mdogo, huyo tutamsubiri."

Akauliza kama wako wawili.

"Ndiyo, mama. Kwa umri wake ni kawaida. Wazee wengi tunawakuta nao. Na aje na mtu wa kumshika mkono."

Simu ikakatwa. Daktari, katika maneno yote hayo, neno "jicho" halikutamkwa hata mara moja. Muuguzi anasema alilitamka. Mama mkwe anasema yeye hana shida ya masikio.

Jioni nilirudi nyumbani, nikavua viatu vyangu juu ya viatu vya watu. Ndani walikaa mama mkwe, mke wangu na shemeji yangu seremala, ambaye huitwa kwenye kila shauri la familia kwa sababu ana sauti nzito.

"Shemeji," akaanza, "tumesikia. Ni kweli unao wawili?"

Nikajua siri ya macho imefichuka. Nikaona mtu mzima hasemi uongo mbele ya mkwewe. Nikakiri.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Labda na zaidi. Wanakua polepole, huwezi kujua walianza lini."

Mke wangu akauliza, kwa sauti ndogo sana, kwa nini nilimficha. Nikamjibu ukweli, kwamba niliona haya, na niliogopa wateja wasinikimbie. Shemeji akauliza nina mpango gani nao. Nikasema mkubwa anatolewa Jumatatu, mdogo tunamwacha kwanza akomae. Mama mkwe akataka kujua wametoka wapi. Nikaeleza nilivyoelezwa na wewe, Daktari, kwamba ni umri tu, lakini hata baba yangu alikuwa nao, na babu pia, ni jambo la ukoo wetu.

Hapo mke wangu akasimama akaenda chumbani. Asubuhi yake alihamia kwa dada yake, na cherehani akaibeba. Mwanamke akiondoka na nguo atarudi. Akiondoka na cherehani, amehama.

2. Kuhusu kuchelewa kwa ushahidi.

Nyumba isiyo na mlio wa cherehani ni nyumba mbaya. Siku tatu nilikula kimya na mama mkwe, ambaye aliniwekea chakula mezani bila kuniambia kiko wapi.

Jumatatu nilikuja kwenu peke yangu, nikipapasa ukuta wa ngazi. Sikujua kwamba mke wangu ananifuata hatua kumi nyuma, akitaka kumwona huyo mtoto, na hasa huyo mama yake. Alinikuta kwenye benchi la korido, nimevaa joho lenu la kijani linalofungwa mgongoni, na alama ya kalamu juu ya nyusi ya kulia ili msije mkakosea jicho. Akamuuliza muuguzi yuko wapi huyo mtoto anayetolewa leo. Muuguzi, kwa upole ambao nakiri ulikuwa wa kweli, akawasha kurunzi yake ndogo, akanifunua kope, akamwonyesha lile doa jeupe nyuma ya mboni.

"Ndiye huyu," akasema.

Mke wangu akatazama kwa muda mrefu. Mimi sikuona kitu. Mlishanitia matone ya kupanua mboni na korido nzima ilikuwa maziwa matupu. Nikasikia mtu anaketi kando yangu. Kisha mkono ukaingia ndani ya mkono wangu, na ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa ngumu, yenye vijitundu vya sindano. Akasema maneno matatu tu.

"Kikao cha mafundi."

Lakini hakuuachia ule mkono mpaka mliponiita. Swali langu kwako ni hili: kama kurunzi ile ipo, kwa nini haikuletwa nyumbani kwangu Alhamisi?

3. Kuhusu kutotaarifiwa.

Jumanne mlinifungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona duniani, chenye kingo zake na rangi zake, ni mke wangu, naye ana mvi. Nyingi. Zimeingia katika miaka hiyo miwili na hakuna aliyenieleza. Nilimtazama mpaka akaniuliza kuna nini. Naamini kliniki makini ingemwandaa mtu.

4. Kuhusu machozi ya bandia.

Wiki iliyofuata ulinipima ukasema nina macho makavu, ukaniandikia kichupa ambacho juu yake pameandikwa, kwa herufi ambazo sasa nazisoma vizuri mno, MACHOZI YA BANDIA. Kichupa hicho nilikiweka dirishani. Shemeji seremala amekisoma. Mimi Jumanne ileile ya bandeji, kabla ya kichupa, nilipokwenda kumwomba mke wangu arudi na cherehani yake nililia, Daktari, na nililia kweli. Sasa familia yote inaamini nilitoa kichupa mfukoni.

5. Kuhusu heshima ya mjukuu wangu.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka mitano. Mmemwandikia kwenye cheti chake "jicho vivu". Mtoto huyo huamka kabla ya jogoo na kuamsha nyumba nzima. Jicho lake linaangalia pembeni kidogo, hilo silikatai, lakini kuangalia pembeni si uvivu. Mama mdogo wake huangalia pembeni na ndiye msimamizi wa ghala zima. Katika ukoo wetu hakuna kiungo kilichowahi kuitwa kivivu.

6. Kuhusu ukosefu wa usawa.

Nimechunguza maneno yenu na kugundua kwamba kupenda mnajua. Lile tundu dogo jeusi mmelipa jina la mboni, na watu huwaita wapenzi wao mboni za macho yao. Tundu, Daktari. Lakini wingu jeupe linalompata mzee mstahiki mkaliita mtoto. Wahenga walisema macho hayana pazia. Nyinyi mmewapinga wahenga, mkasema yana mtoto, na kwamba anaweza kukomaa.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Ugonjwa huu ubadilishwe jina mara moja. Napendekeza "ukungu wa jicho", na bango lake nitalichora mwenyewe.

(b) Muuguzi anapopiga simu aulize kwanza kama anaongea na mama mkwe, na kama ndivyo, aseme amekosea namba.

(c) Mama mkwe aandikiwe barua rasmi yenye muhuri, ikithibitisha kwamba mimi, kwa uchunguzi wa kitaalamu, sina mtoto yeyote wa nje, si wa kulia, si wa kushoto, si mkomavu, si mchanga. Barua isomwe kwa sauti na mtu mwenye koti jeupe.

(d) Iundwe kamati ya kupitia majina yote ya viungo na magonjwa, kuanzia kope kushuka hadi unyayo, na mke wangu awe mjumbe wake, maana ndiye aliyeumia.

Nasubiri jibu lako kwa subira na kwa jicho moja zuri. Wasalimie wauguzi wote, akiwemo yule wa simu. Msalimie mzee wa mapokezi anayeita majina ya watu kama anauza mnada, na mama wa usafi aliyenishika bega kwenye ngazi. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anasema atakusalimu akishapata barua.

Mimi mgonjwa wako mtiifu,
Mchora mabango wa mkabala na kituo cha mafuta.

N.B. Barua hii ilikwisha juzi, na leo nilikuwa naifunga bahasha mke wangu alipoisoma, akaniambia siitumi bila kuongeza yaliyotokea jana.

Jana mchana alibisha hodi mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwoka mikate, unga bado uko kwenye nywele zake. Alisema kule kiwandani amesikia kwamba mzee mchora mabango ana mtoto mkubwa aliyekuwa amefichwa na sasa anatolewa. Akauliza, kwa adabu, kama ndiye yeye.

Mwaka mmoja kabla sijaoa nilikwenda mji mwingine kuchora herufi kwenye kuta za shule, na palikuwa na mwalimu. Baadaye uvumi ulinifikia, nikaupuuza. Macho yangu yalikuwa mazima wakati ule. Mwalimu alifariki mwaka jana, na kabla ya kufariki alimwambia binti kazi ya baba yake.

Ana paji la uso la mama yangu. Nililiona tangu mlangoni, kwa jicho ulilonitengenezea.

Mke wangu alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akachukua futi yake akaanza kumpima gauni, na alipofika kwenye mabega akamwambia, "Simama wima, mwanangu, baba yako naye amepinda hivyohivyo."

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote na maombi yote, isipokuwa lile la mjukuu. Jina la ugonjwa libaki lilivyo. Barua ya mama mkwe msiiandike. Anasema alisikia vizuri tangu mwanzo.

Naambatanisha fomu ya jicho la kushoto. Mahali pa msindikizaji, penye uhusiano na mgonjwa, nimeandika "mtoto".