Kiti cha Tai na Mgongo wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kuchagua kiti kwa kukitazama mbele. Wanaona nakshi, wanaona vanishi inameta, wanatoa pochi. Kiti cha kale hakitazamwi mbele. Kinapinduliwa! Ukweli wote wa kiti uko chini, mahali ambapo fundi hakutegemea mtu achungulie.

Naandika haya kwa faida ya watakaonirithi, na kwa sababu jambo kubwa limetufikia. Shangazi, aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu tukiwa wadogo sana, hawezi tena ngazi za nyumba yake. Daktari amemkataza kukaa peke yake. Anahamia kwa mmoja wetu. Kwa nani? Hajasema. Amesema tu kwamba Jumapili atapita kwangu, kisha kwa mdogo wangu, ajaribu kuketi kote kuwili, halafu ataamua.

Nimeng'amua mara moja. Shangazi alikuwa na kiti cha nakshi chenye mikono ya kuegemea, ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa. Kiliuzwa zamani. Mdogo wangu ana makochi ya ngozi. Ukiyakalia yanakumeza, na kutoka humo lazima uokolewe. Mimi nitatafuta kiti cha kale, chenye nakshi, halisi. Mchezo umekwisha.

Mama watoto ameniuliza natabasamia nini. Nimemweleza historia ya nakshi kwa kifupi. Amekatiza, akasema anakwenda kuanua nguo. Hatukuwa tumefua.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi kwanza. Nimekwenda kwa daktari wa meno. Meno yangu hayana neno, ila chumba chake cha kusubiria kina kiti cha zamani chenye majani ya kuchonga, na elimu haina aibu.

Nimelala chali sakafuni, nikaingiza kichwa chini ya kiti. Ulimwengu mwingine kabisa! Alama za msumeno wa mkono: zimenyooka lakini hazilingani, moja nene, nyingine nyembamba, maana mkono wa binadamu huchoka. Msumeno wa mashine hauchoki, huacha mikwaruzo ya duara inayofanana yote. Hapakuwa na skrubu hata moja. Vigingi vya mbao vitupu! Na vigingi vya zamani si duara tena. Mbao hukauka na kusinyaa upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo kigingi hugeuka umbo la yai. Nimekipapasa kwa kidole. Yai kabisa! Nikaanza kunusa.

Dada wa mapokezi akapiga ukelele kwamba mzee ameanguka.

Nimejaribu kueleza. Wameniambia nisijichoshe kwa kuongea. Nimepimwa presha, wakakuta iko juu, wakasema ndiyo iliyoniangusha. Nimesema ni furaha. Daktari amesema wazee wengi husema hivyo, nifumbue mdomo. Sijui mambo yalifikaje huko, lakini nimerudi nyumbani na jino pungufu.

Mama watoto ameliona pengo. Amenipa uji uliopoa.

Jumatano, 5 Machi

Duka la Babu Vumbi. Jina hilo nimempa mimi. Anauza samani za kale nyuma ya soko, na mlemle ndani ya duka mtu hupiga chafya kabla ya kusalimia.

Viti viwili vinafaa. Cha kwanza, makubwa! Egemeo lote ni tai aliyetandaza mabawa, mdomo wazi, na miguu ya mbele ni kucha zilizoshika mpira. Cha pili ni kifupi, kina majani machache tu juu ya egemeo, na mikono yake imelainika kama kipande cha sabuni ya kuogea. Cha kuonea huruma.

Nimelala chini. Babu Vumbi amesogeza mguu tu, hakushangaa. Mtu mwenye ustaarabu.

Chini ya kile kifupi: skrubu mpya, inang'aa! Kimetengenezwa juzijuzi. Nimeona haya kwa niaba yake. Chini ya tai: vigingi umbo la yai, alama za mkono, na matundu ya wadudu. Hapa lazima nieleze. Mafundi laghai hutoboa matundu kwa kekee ili kiti kipya kionekane cha kale. Lakini kekee hutoboa moja kwa moja, wakati mdudu hana haraka, hula akikata kona. Nimenyoosha kibanio cha karatasi na kuuchomeka waya tunduni. Waya umegoma kwenye kona. Mdudu wa kweli! Nimepiga makofi ya furaha pale pale chini, nikajigonga kwenye kucha za tai.

Babu Vumbi akanikaribisha niketi, nikionje. Nimemweleza kwamba kuketi hakuna utaalamu, kila mtu anaweza. Amesema, "Haya, mwalimu." Kweli niliwahi kuwa mwalimu. Alijuaje?

Nitarudi kesho na gari la mizigo.

Alhamisi, 6 Machi

Hujuma! Nimefika dukani nikamkuta mdogo wangu, mikono nyuma, anamzunguka tai wangu.

Habari zimevuja. Mama watoto aliongea na mke wa mdogo wangu, mke akaongea na mumewe. Hata wangekuwa na kituo cha redio, wanawake wale wawili wasingefanya kazi bora zaidi.

Sikupaniki. Nimemvuta kando, nikamwambia kwa sauti ya upendo wa ndugu kwamba yule tai ni wa kuzugia watalii, na kwamba kiti halisi ni kile kifupi. Nimemwonyesha mikono iliyolainika. Nimesema miaka mingi ya viganja imepita pale. Nilishangaa jinsi uongo wangu ulivyotoka umenyooka.

Mdogo wangu hakuchungulia chini hata kidogo. Ameketi. Ameinuka. Ameketi tena, akajinyoosha, akafumba macho kama mtu aliyerudi kutoka safari. Kisha akanunua.

Pale mlangoni amenishika bega, akasema siku hizi nimekuwa mkweli, Mungu anizidishie. Nilisikia kitu kama kichomi. Ni jino, au pengo lake.

Tai ni wangu!

Ijumaa, 7 Machi

Tai amefika. Hapiti mlangoni.

Wabebaji wamejaribu kumwingiza mbele, nyuma, ubavu, kichwa chini. Bawa la kushoto likiingia, la kulia linabaki barazani. Mkubwa wa wabebaji ameuliza kama nilipima mlango. Nimemweleza kwamba mafundi wa zamani walichonga kwa nyumba zenye milango mipana, na kosa ni la aliyejenga nyumba hii. Amenikumbusha kwamba nyumba hii nilijenga mimi.

Tumeng'oa mlango na fremu yake. Tai ameingia kwa heshima zote. Mlango umerudishwa jioni, na sasa ukifunguliwa unalia kama mbuzi.

Mama watoto amekizunguka kiti. Mwishowe ameuliza, "Baba, umekikalia?" Nimemjibu kwamba Shangazi ndiye atakayekizindua. Akauliza Shangazi ana urefu gani. Nimesema swali hilo halihusiani na mambo ya kale.

Jumamosi, 8 Machi

Ugunduzi! Chini ya tai kuna unga laini, kama unga wa ngano. Nimeweka sikio kwenye mguu wa kiti. Krr. Krr. Wadudu bado wako hai! Ushahidi gani mwingine mtu anataka? Laghai anaweza kuchonga matundu, hawezi kuchonga mdudu.

Nimemwita Mama watoto aje asikilize. Amesikiliza, kisha akaanza kusukuma kabati la vyombo mbali na kiti, peke yake. Nikamwomba asifagie ule unga. Amefagia.

Mdogo wangu amepiga simu. Anasema alikalia kile kiti kifupi kutazama mpira, mechi ikaisha, akasahau kuinuka. Nimemwonea huruma. Kuna watu hawatambui wanapodanganywa.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amefika asubuhi, mdogo wangu kamshika mkono huu, mkewe ule. Amekonda. Tangu atoke hospitali hainuki mwenyewe. Hunyanyuliwa kwa makwapa kama gunia, na akinyanyuliwa hutazama pembeni. Yule aliyekuwa akituita mara moja tu, na sote tukafika mbio! Hilo la kutazama pembeni sikulipenda.

Kwa mkupuo nimeondoa shuka nililofunikia kiti. Tai! Shangazi amemtazama, akasema, "Huyu naye anakula nini?" Nimesema ni kazi ya mkono. Tumemketisha.

Miguu yake haikufika chini. Imening'inia kama soksi kwenye kamba. Mdomo wa tai umemwingia katikati ya mgongo, akawa anakaa mbele, ukingoni. Nimeanza kueleza habari za vigingi. Amenisikiliza kwa subira, halafu akauliza kama nimemweka pale asubiri mteja. Mdogo wangu alikohoa sana, akatoka nje kukohoa zaidi.

Shangazi akajaribu kuinuka. Akashika mabawa, akasukuma, hakwenda popote. Akatazama pembeni. Tumemnyanyua.

Tukahamia kwa mdogo wangu. Kile kiti kifupi kilikuwa karibu na dirisha. Shangazi ameketi. Nyayo zimegusa sakafu. Viganja vimetua kwenye ile mikono iliyolainika kana kwamba vilikuwa na miadi. Kisha, bila kumwambia mtu, amebonyeza mikono ya kiti na kuinuka.

Peke yake!

Mke wa mdogo wangu alifunika mdomo. Shangazi akaketi tena, akainuka tena, akacheka kama msichana, akasema, "Mmeona? Na sasa tena." Akarudia mpaka akachoka. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Duka la Babu Vumbi lina vumbi la kushikamana, sijui ni siku ngapi litanifuata. Nimeinama kidogo, nikachungulia chini ya kiti kuona siri yake. Ile skrubu tu. Ajabu.

Basi nimeshindwa, nikajisemea. Nimeanza kutafuta viatu vyangu. Ndipo Shangazi aliposema anahamia kwangu.

Sote tulimtazama. Akaeleza. Kwa mdogo wangu televisheni haizimwi, watu wanapigizana kelele na mpira, naye hajapata usingizi wa maana tangu hospitali, vidonge vyenyewe havikufua dafu. Lakini leo asubuhi nilipoanza habari za vigingi, alisikia kope zinamlemea, na ni yule ndege tu aliyemzuia kulala. "Mwanangu huyu akieleza," alisema, "mwili wote unalegea." Kwa hiyo anakuja kwangu, na kiti kifupi kije naye. Tai aende kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikubali haraka mno. Kumbe alimtaka yule tai tangu Alhamisi.

Jumatatu, 10 Machi

Mlango umeng'olewa tena. Mkubwa wa wabebaji alikuja na nyundo yake tayari, hakungoja kuelezwa. Tai ametoka, na wadudu wake wote. Kwa mdogo wangu nako alikwama, wakampitisha dirishani bila kioo. Kioo kilikuwapo kabla.

Kiti kifupi kimeingia kwetu bila kugusa chochote. Mama watoto amerudisha kabati mahali pake akiimba. Shangazi ameinuka mwenyewe mara kadhaa leo, mara nyingine bila sababu yoyote, ili tuone tu. Alasiri nimemweleza tofauti kati ya mbao za msaji na za mvule. Kabla sijafika kwenye mvule, alikuwa anakoroma kwa raha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipokea vizuri hivi.

Jumanne, 11 Machi

Nimetulia na kufikiri. Nani alimfanya mdogo wangu anunue kile kiti kifupi? Mimi. Nani alimwonyesha mikono iliyolainika? Mimi. Bila mpango wangu Shangazi angekuwa leo amezama kwenye kochi la ngozi. Kwa hiyo mpango ulifaulu tangu mwanzo, ila ulipita njia ndefu. Nimemweleza Mama watoto. Amekwenda kuanua nguo.

Sasa Shangazi anatembelewa, na wageni wanakosa pa kuketi karibu naye. Babu Vumbi amenitumia picha ya benchi la kale. Pande zote mbili kuna mamba, mikia imeinuka na kutanda nje. Makubwa! Nilimwomba anitumie na picha ya chini. Vigingi umbo la yai, safu nzima! Nimekwishamwambia ni langu, linakuja kesho.

Mama watoto ameona picha. Ameuliza maswali mawili: nani kalikalia, na litapita wapi. La kwanza linatokana na kutojua utaalamu, nimelisamehe.

La kufanya leo: kupima mlango.