Meno ya India, Matope ya Michenga

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kibaoni. Bodaboda imenimwaga, meno mawili ya mbele yamekwenda. Nikiimba "Msifuni" inatoka filimbi! Na tarehe kumi na sita ni misa ya mwaka mmoja wa marehemu mke wangu, Dorotea. Niliapa kaburini kwamba nitamwimbia mwenyewe. Wendelin, mwenzangu wa kwaya, ananipa pole huku anaitolea macho nafasi yangu. Mnafiki.

Jumatano, 5 Februari
Daktari wa meno hapa Ifakara kasema ya kupandikiza yapo, hata Dar wanafanya, ila mfupa wa taya hukaa miezi ndipo uyashike. Miezi! Nikamwambia India ni siku chache tu. Akasema mfupa ni mfupa, hata India. Hana maono. Nimeagiza ya bandia, ya kuvaa na kuvua. Kwaya nimewatangazia naenda India kupandikiza. Wamenisindikiza kwa sala. Wendelin kalia kuliko wote.

Jumamosi, 8 Februari
Michenga, kwa dada yangu Oliva. India yangu ndiyo hii. Meno ya bandia nimeshavaa. Nitatokea siku ya misa, nani atanitia kidole mdomoni? Oliva hakungoja mgeni afikishe siku ya tatu. Kanikabidhi miche ya mpunga leo leo.

Jumanne, 11 Februari
Nimeinama jarubani, nikapiga chafya. Meno matopeni! Tumepapasa jaruba zima, miche tumeing'oa. Hakuna kitu. Oliva akasema si nilitaka ya kupandikiza, basi yamepandwa. Sikucheka.

Jumapili, 16 Februari
Sikwenda misani. Niko India. Oliva karudi kutoka misani, kasema Wendelin kaimba vizuri, watu wamelia, na Padri kamwombea mume aliye ng'ambo kwa matibabu. Oliva kaongeza kwamba Dorotea alivumilia kukoroma kwangu miaka yote, filimbi isingemshtua. Bajaji moja tu ingenifikisha. Nimemwimbia peke yangu shambani, nikashindwa kumaliza. Nisamehe, Dorotea.

Jumatatu, 17 Februari
Nimeamka na akili mpya. Kosa lilikuwa India, kila mtu ana ndugu aliyewahi kufika. Nitawapigia kwaya simu: India imeshindikana, nimepewa rufaa ya Uturuki. Oliva ana shemeji yake Mahenge, milimani. Nasikia Uturuki nako kuna baridi.