Upande Mwekundu wa Feni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Fundi mkuu anastaafu Ijumaa. Mwenye gereji, Bosi wetu, ambaye ni shangazi wa mke wangu, ametangaza kwamba cheo atapewa yeyote atakayeponya lori la mchanga. Lori hilo linachemsha likiwa limesimama huku injini inanguruma. Likitembea, mshale wa joto unatulia tuli.

Dereva anadai halikuwa na tabia hiyo kabla sijalifanyia huduma wiki iliyopita. Madereva! Nililifanyia mema tu. Hata feni ya injini niliifungua nikaipaka rangi nyekundu upande mmoja, ileile ya mlango wa nyumbani kwangu. Wakati wa kuirudisha nikagundua upande uliopendeza ungetazama rejeta, lile sanduku la kupozea maji ya injini, na rejeta haimpandishi mtu cheo. Nikaigeuza. Sasa kichwa cha lori kikiinamishwa, wekundu unamlaki Bosi.

Cheo kina chumba chenye dirisha na kiti kinachozunguka. Mpinzani wangu ni Redio, fundi mwenzangu, anayeitwa hivyo kwa sababu hazimwi. Nikishindwa, nitakuwa chini ya Redio mpaka nizeeke. Wakwe zangu hawataacha kunikumbusha.

Jumanne, tarehe 4

Nimeng'oa themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia yakipata moto. Nimelipeleka lori barabara kuu. Mshale umetulia. Nimerudi nikipiga honi, nikamwambia Bosi kazi imekwisha. Akasema nisilizime kwanza, tunywe chai tulitazame.

Sikumaliza kikombe. Mvuke ulijaa mpaka dirishani kwa karani. Redio akauliza kama siku hizi napiga pasi. Gereji nzima ikacheka, hata fundi mkuu, mtu ambaye hacheki. Nimeumia.

Jumatano, tarehe 5

Nimeamua kosa ni la dereva. Nimemweleza Bosi kwamba anatia maji machafu. Dereva akaniambia niyaonje. Nimesafisha rejeta, nimebadilisha mfuniko, nimerudisha themostati. Bado linachemsha. Redio anazunguka akieleza wote kwamba gonjwa linalokuja gari likisimama ni gonjwa la upepo. Anamweleza mpaka muuza maandazi. Hakuna anayemsikiliza, mimi wa kwanza.

Jioni mke wangu ametoka jikoni akivuja jasho, akakaa mbele ya feni ya mezani, akapoa. Nikamkazia macho. Akauliza kama nimeisahau sura yake. Nikamwambia yeye ni mwanamke mwenye akili nyingi. Akaanza kunishuku.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeazima feni ya ukumbi wa harusi, ile yenye kimo cha mtu. Mlinzi wa ukumbi ameuliza nina sherehe gani. Nimesema ya kupandishwa cheo. Nimeificha nyuma ya mapipa matupu, nikaegesha lori likitazama pengo la mapipa hayo. Nimejaribu. Mshale haukuinuka! Nimeenda kukikalia kidogo kile kiti cha fundi mkuu. Kinazunguka vizuri.

Ijumaa, tarehe 7

Sina hamu hata ya kuandika.

Asubuhi watu wote walikusanyika. Nikawasha lori, nikawasha na feni kwa siri. Chai ikanywewa, ya pili ikamiminwa, mshale umelala. Bosi akasema kumbe nina kichwa. Fundi mkuu akaanza kutafuta funguo za chumba mfukoni.

Hapo Redio akaja kunipongeza. Redio, ambaye hajawahi kumpongeza mtu! Miguu yake ikajikwaa kwenye waya, plagi ikachomoka, mshale ukaanza kupanda. Akachungulia nyuma ya mapipa. Nikasema feni ile ni ya kuwapepea wageni.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio alinyamaza. Akachukua kipande cha gazeti, akakishika mbele ya grili, ule wavu wa usoni mwa lori. Kilipaswa kuvutwa na kuganda hapo. Kikaanguka chini. Akamwambia Bosi kwamba nimewasaidia sana: kama upepo wa ukumbini unaliponya lori, basi lenyewe halijivutii upepo wa kutosha likisimama. Wakainamisha kichwa cha lori. Feni ya injini ilikuwa imefungwa nyuma mbele.

Bosi akauliza ni kazi ya nani. Nikasema huenda ilitoka hivyo kiwandani. Bosi akaitazama rangi. Akasema mlango wa nyumbani kwa mtoto wa kaka yake una rangi kama hiyo.

Funguo amepewa Redio. Mke wangu aliambiwa kwa simu kabla sijafika nyumbani.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeigeuza feni kwa mikono yangu, Redio akinisimamia na kunisimulia. Lori limenguruma asubuhi nzima bila kuchemsha. Wekundu wote unatazama rejeta. Uchungu ulioje, kazi nzuri kama ile.

Nimetafakari kosa langu ni lipi. Nimelipata: nilipaka mahali pasipoonekana.

Bosi anataka naibu wa fundi mkuu, na atamtaja Jumatatu. Ameniachia gari lake nilioshe, kesho ana safari ya kwenda milimani. Nimeliosha likang'aa. Ila kupitia matundu ya rimu zinaonekana zile diski za breki, zinazobanwa ili gari lisimame, zimepauka, zinatia aibu. Rangi imebaki nusu kopo. Za mbele zimeshakauka.