Ng'ombe Wanane Waende, Malighafi Ibaki

Mudzipela, Bunia
Jumatano, baada ya masomo

Kwa Papa Dominique, Nyakasanza

Kuhusu: Ng'ombe wa mahari na hatima ya nishati duniani

Mheshimiwa Papa,

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti kwa heshima, ingawa kwa kweli nimeketi, kwa sababu mwandiko unaharibika mtu akipiga magoti. Nimejaribu. Mimi ni Jemima, mdogo wake Elysée, ambaye Jumamosi hii atatoa mahari ya binti yako Angèle. Huenda hunikumbuki. Siku mlipotutembelea nilikuwa yule msichana aliyeleta maji ya kunawa, akakunawisha mkono mmoja, akakimbia. Naomba radhi kwa ule mkono wa pili. Naogopa watu, hasa wageni, ndiyo maana haya nayaandika badala ya kuja kuyasema.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mafuta ya dunia yanakwisha. Maneno haya si yangu, ni ya ensaiklopedia ya maktaba ya parokia. Ipo juzuu moja tu, ya herufi M hadi P, lakini kwa bahati nzuri petroli imo. Imeandikwa humo kwamba mafuta yatatosha miaka thelathini. Juzuu ilichapishwa mwaka 1974. Piga hesabu mwenyewe, Papa: yaliisha mwaka 2004, kabla sijazaliwa. Haya yanayouzwa barabarani kwa chupa ni masalia ya chini ya pipa, na rangi yake inathibitisha. Mataifa makubwa bado yanajadiliana itakuwaje siku yakiisha. Sisi wa Bunia hatuna haja ya kujadiliana. Kila malori yanaponasa kwenye matope, esanse, yaani petroli, inatoweka mjini, pikipiki zinalala, na mwalimu wetu wa fizikia anafika kwa miguu akiwa ameikasirikia dunia yote. Mwaka huu peke yake tumeshafanya mazoezi ya mwisho wa mafuta mara tatu.

2. Dawa imepatikana, nayo iko nyuma ya jiko letu. Katika juzuu hiyohiyo, chini ya neno methani, nilisoma kwamba mavi ya ng'ombe (naomba radhi, Papa, kuanzia hapa nitayaita malighafi) yakifungiwa pamoja na maji hutoa gesi inayowaka. Nikatafuta pipa la buluu, kipande cha bomba, na mpira wa ndani wa tairi la lori wa kuhifadhia gesi. Mama alisema nimeleta harufu. Baba mdogo Bruno alisema nimeleta aibu. Siku ya thelathini na saba niliwasha kiberiti, ukatokea moto wa buluu, mdogo kama kidole changu. Nililia. Koko Emerance, bibi yetu, aliyeapa kwamba hatakunywa chai ya chooni, sasa hanywi nyingine. Mwalimu wa fizikia alileta darasa zima kuuona moto ule, na wanafunzi ambao kwa miaka mitano waliniita Weye wa Kule Nyuma sasa wananiita Mama Gaz. Kabla ya hapo sikuwa na jina shuleni.

3. Tuna ng'ombe tisa. Katika ile karatasi ya mahari, facture, familia yako imeandika ng'ombe wanane. Silaumu hesabu; Angèle anastahili hata ishirini. Lakini atakayebaki kwetu ni Madamu, jike mzee anayekula kidogo na kutoa malighafi kwa kusitasita, kama mwanafunzi aliyeulizwa somo asilolisoma. Kwa Madamu peke yake, moto wangu utazimika baada ya siku tisa. Nimepima.

4. Katika facture hiyohiyo, mstari wa kumi na mbili, mmeomba pia madumu mawili ya mafuta ya taa. Papa, kwa heshima zote: umechukua nishati ya jana na umechukua nishati ya kesho. Sisi umetuachia leo, na leo ni Jumatano tu.

5. Nimeisoma facture mara kumi na moja. Inataja ng'ombe wenye afya na wenye pembe zote mbili. Malighafi yao haitajwi popote, na kisichoandikwa hakikuombwa. Kwa hiyo naomba kila asubuhi na kila jioni malighafi ya ng'ombe hao wanane irudishwe Mudzipela, ikiwa mbichi na bila kuchanganywa na majani. Maziwa ni yako. Ndama ni wako, ila malighafi ya ndama naomba tugawane nusu kwa nusu, kwa kuwa mama zao ni wa kwetu. Pembe sidai. Kuhusu itakayodondoka njiani siku ya Jumamosi, mpaka darajani ni yetu. Ng'ombe wakishavuka daraja, tutaelewana. Nitatembea nyuma yao na beseni, mbali kidogo, ili wageni wasinione.

6. Ikiwa hilo haliwezekani, naomba harusi iahirishwe mpaka dunia ipate nishati nyingine. Ensaiklopedia inasema wataalamu wanafanya bidii. Nilimweleza Elysée wazo hili taratibu. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema: "Jemima, ule mutoto wa watu nitamuambia nini? Kama siye tuliachana juu ya mavi?" Nilimkumbusha tu kwamba ni malighafi.

7. Ikiwa kuahirisha nako hakuwezekani, basi mji mzima ubadilike. Kila Jumamosi ng'ombe wanatolewa zizi hili na kupelekwa zizi lile, na nguvu ya Bunia inatawanywa ovyo kwa sababu ya mapenzi. Napendekeza vijana waoe majirani tu, wasizidi hatua mia mbili kutoka zizini kwao. Najua Angèle anakaa mbali zaidi ya hapo, lakini kuna nyumba tupu kando ya kwetu, na familia yako yote mnaweza kuhamia kabla ya Jumamosi. Ina vyumba vinne na choo. Choo hicho nacho nimekwisha kukitazama kwa jicho la sayansi.

8. Najua utauliza kwa nini mimi mwenyewe nisije Nyakasanza kujenga pipa lingine kando ya zizi lako. Papa, hilo ndilo jambo moja katika barua hii lisilowezekana kabisa. Nikija, nitalazimika kusalimia watu.

Ni hayo, Papa. Sina hasira na mtu, na sitaki kuvunja harusi. Nataka tu kisizimike kile kidole cha moto. Nisalimie Mama Tina, mke wako, na umwambie ule mkeka aliokalia kwetu tumeuhifadhi. Nisalimie Angèle. Elysée hajui kama nimeandika, na amenikataza kusema kwamba tangu Pasaka anapiga pasi shati lilelile kila Jumapili kwa ajili yake, kwa hiyo sisemi. Wasalimie jirani zako wote, hata wale nisiowajua, kwa kuwa kwa barua ni rahisi. Ng'ombe wakifika, wasalimie nao.

Anayejificha nyuma ya karatasi hii kwa adabu,

Jemima
Darasa la tano la sekondari, biokemia

N.B. Kabla ya kufunga barua, nilimwonyesha jirani yetu Rachidi, mwenye pikipiki, kwa sababu ndiye niliyempangia kazi ya kubeba malighafi. Alisoma yote polepole, akauliza jambo moja tu: esanse atapata wapi. Nimepiga hesabu nyuma ya daftari. Safari mbili asubuhi na mbili jioni ni lita moja ya esanse kila siku, nami nitapata gesi ya kuchemsha birika tatu za chai, na birika moja Rachidi amesema ni yake. Yaani katika kuyaokoa mafuta ya dunia, nitakayeyamaliza ni mimi. Tafadhali futa namba 1 hadi 8. Chukua ng'ombe wanane, chukua na kila kitokacho kwao. Ila nimeona kwamba chini ya mstari wa mwisho wa facture kuna nafasi. Naomba uniandike hapo. Elysée atamleta Angèle kwetu, na mimi nitakuja kwenu likizo hii pamoja na pipa, bomba na mpira. Nakula kidogo, na naweza kulala popote karibu na zizi. Watu nitawasalimia mmoja mmoja. Nitaanza na wewe Jumamosi, nitakapoleta maji ya kunawa, kwa ule mkono wa pili.