Maharamia Waliovaa Tai

Kwa furaha kubwa, Serikali inawatangazia wananchi wote kwamba uharamia umekwisha. Umekomeshwa bila tone la damu na Kamati ya Maadili ya Visanamu, ambayo mimi ni katibu wake.

Wapo waliotubeza. Walisema barabara zina mashimo, nasi tunahangaika na wanasesere. Hawajui kwamba shimo linaonwa na kila mtu, lakini upotovu unahitaji wataalamu.

Mtuhumiwa alikuwa mama mmoja fundi rangi, mtaani wanamwita Mama Brashi. Mchana hupaka kuta za watu. Jioni hupaka visanamu vya kuchezea vita mezani, kila kimoja kirefu kama kidole gumba. Kikosi chake kilikuwa cha maharamia wa kiorki. Orki, kwa wasiosoma majalada yetu, ni jitu la hadithini: mwili wa kijani, taya kama la nguruwe, meno ya chini yamechomoza hadi puani. Hawa wa kwake walikuwa na majambia, vitambaa vya kuziba jicho moja, bendera ya fuvu, na katikati yao kasha la dhahabu. Alitaka kuwaingiza kwenye mashindano ya mtaa Jumamosi. Kisanamu kisicho na kibali chetu hutumbukizwa kwenye thina mpaka rangi yote iyeyuke.

Mama Brashi alitusihi. Alieleza jinsi alivyopaka kila uso rangi ya msingi, akatia kivuli kwenye mikunjo, akapitisha brashi kavu juu ya kila jino, mwaka mzima, baada ya kazi, na macho yake si ya ujana tena. Mwenyekiti alimjibu kwamba huruma haimo kwenye ajenda.

Tulifungua kikao kwa sala, kisha maagizo yakatoka. Jambia ni silaha, washike kalamu. Fuvu linatisha wananchi. Bendera ipakwe nembo ya Idara yetu. Vitambaa vya jicho vivuliwe, maana hakuna orki aliyeleta cheti cha daktari, wapewe miwani. Kusimama ovyo ni uzururaji. Watengenezewe viti na meza. Vifua wazi vifunikwe, na kila mmoja avae tai. Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu lile kasha. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mwenyekiti aliamua kwamba dhahabu yenyewe haina kosa, kosa ni kuonekana. Iwekwe chini ya meza.

"Na haya meno, Mwenyekiti?" Mama Brashi akauliza.

"Yaache. Mtu halaumiwi kwa maumbile yake."

Alitii yote. Mheshimiwa Waziri akatia saini kibali bila kuviona visanamu, kama anavyofanya kwa mambo yote mazito.

Jumamosi ukumbi ulifurika, na Waziri akawa mgeni rasmi. Mpinzani wa kwanza wa Mama Brashi alikuwa shemeji yake, kinyozi mwenye mdomo. Kikosi kilipofunuliwa, alirudi nyuma.

"Shemeji, umewafanya nini hawa? Zamani walikuwa wanachekesha."

"Wamepitia Kamati, shemeji."

"Basi mimi sichezi. Haramia namjua: anakuja, anaiba, anaondoka. Hawa wana viti."

Ukumbi ulicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mheshimiwa aliinama mezani. Akatazama nembo, akatazama kasha, akapapasa tai yake mwenyewe. Akauliza kwa upole nani amebuni kazi hii.

"Mimi nilishika brashi tu, Mheshimiwa," akasema Mama Brashi. "Kubuni ni kwa Kamati."

Mwenyekiti alikwisha kuagiza thina. Lakini kibali kilikuwa na saini ya Waziri, na kukifuta ni kusema Waziri amekosea, jambo lisilowahi kutokea. Kwa kuwa visanamu haviwezi kubadilishwa, tumebadilishwa sisi. Waraka umetoka: ili wananchi wasituchanganye na orki, ni marufuku mtumishi kuvaa tai, kukaa kitini saa za kazi, au kuweka chochote chini ya meza.

Mama Brashi ametwaa ubingwa. Kila aliyekaa mbele ya kikosi chake alisalimu amri kabla ya kurusha dadu. Ofisini kwetu tunasimama mlangoni, shingo wazi, mikono mitupu. Jana mwananchi mmoja aliingia, akahudumiwa, akaondoka.

Mwenyekiti alipoarifiwa, presha ilimpanda. Amelazwa.