Mtaa Nilioupata kwenye Sensa

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa maktaba ametangaza leo kwamba tutafungua tawi dogo. Mtaa gani, bado. Mimi na mwenzangu wa kazi kila mmoja alete pendekezo lake Ijumaa, likiwa na takwimu za sensa. Atakayeishawishi kamati ndiye atakayesimamia tawi. Ufunguo wake mwenyewe. Meza yake. Dirisha. Tangu nimalize chuo nabandika lebo za vitabu kwenye chumba kisicho na dirisha, na chumba cha namna hiyo humfanya mtu afikiri kupita kiasi.

Mpinzani: Kalamu Tatu. Jina limetokana na mfuko wa shati lake. Zote tatu zinaandika, haazimishi hata moja. Amesema atazunguka mitaani kuuliza watu. Nikacheka kimoyomoyo. Watu walikwisha kuulizwa, ndiyo maana ya sensa. Kinachotakiwa ni zana ya mtandaoni iliyo rahisi. Nibonyeze, nipakue, nishinde.

Shangazi, ninayeishi kwake, aliniuliza kutoka kwenye cherehani yake kwa nini na mimi nisitoke nikaone. Nikamweleza tofauti kati ya ushahidi na matembezi. Akasema amenielewa, msomi wake, na vyombo vya leo ni zamu yangu.

Jumanne, 5 Machi

Zana ya kwanza: majedwali yamepigwa picha, tena yamelala ubavu. Nikainamisha shingo. Shingo ikagoma, nikasimamisha kompyuta kwa upande. Shangazi akauliza inaumwa wapi.

Zana ya pili: ramani yenye rangi nzuri mno. Ukigusa kata, idadi ya watu inachomoza. Ukiondoa kidole, inazama. Pa kupakulia hapapo. Saa nzima nimegusagusa kwa raha tu, kama mtu anayebembeleza paka.

Zana ya tatu: kitufe kimoja kikubwa, "Pakua Zote". Nilibonyeza kwenye kompyuta ya kaunta. Ikaganda. Msomaji aliyekuja kurudisha kitabu alisubiri, akachoka, akaondoka nacho. Kalamu Tatu akapita, akaniuliza mbele za watu kama dada napakua watu wenyewe, na kama nimeshawaandalia pa kulala.

Jibu zuri lilinijia nikiwa nyumbani, naosha vyombo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipata. Zana ya nne. Inauliza mambo matatu tu: wapi, nini, mwaka upi. Unachagua, unabonyeza, jedwali safi linashuka. Hata Shangazi angeweza.

Kasoro yake ni kwamba inavutia. Nilikusudia kupakua kata yetu, nikajikuta nachungulia za wengine. Kuna kitongoji chenye wajane watupu na vijana wawili. Wanaishije wale vijana? Kuna mtaa ambao kila nyumba ina baiskeli na hakuna mwenye redio. Mchana ukaniponyoka.

Halafu nikakutana na eneo moja dogo pembeni mwa mji. Karibu wote wanaume, wa miaka ishirini mpaka hamsini. Wengi wanajua kusoma. Watoto hakuna. Hakuna anayemiliki televisheni, gari wala hata kuku. Nilikaa nikiwawaza. Watu wazima, watulivu, wasio na makuu. Ni wanachuo? Ni watawa? Hao ndio wasomaji wangu.

Shangazi alitaka kujua ni wapi huko. Nikasema ni siri mpaka Ijumaa. Akasema siri ya mtaa mzima wa wanaume, basi angalau anishonee gauni.

Alhamisi, 7 Machi

Kalamu Tatu amerudi na vumbi mpaka magotini. Ameniuliza kama nimefika kwenye mtaa wangu. Nikasema nimeusoma wote. Akaomba nimtajie zana nzuri, anataka idadi ya watoto wanaoishi nyuma ya soko.

Nikamtajia ya tatu.

Akanishukuru, akasema dada yangu una roho nzuri. Nilijisikia vibaya kwa kitambo. Kisha kompyuta yake ikaganda, nami nikapata utulivu wa kumalizia hotuba.

Ijumaa, 8 Machi

Nilisimama mbele ya kamati. Nilisema wakazi wangu hawahamihami. Jioni wote wako nyumbani. Hawana starehe za kuwapotezea muda. Nilikuwa naendelea vizuri.

Mkuu alivua miwani. Akaniuliza, kwa upole wa mama mzazi, kama mwanangu nimewahi kupita hapo. Nikasema takwimu zinatosha. Akasema angalau ningeuona ukuta.

Kalamu Tatu akainua mkono, akaeleza kwamba sensa humhesabu mtu pale alipolala, na kwamba pale wamelala kwa amri ya hakimu. Hilo ni gereza, dada. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akapewa maji.

Kura zote zimeenda nyuma ya soko, kwa watoto aliowahesabu kwa mdomo, mlango kwa mlango. Mkuu akasema pingamizi litapokelewa hadi Jumatano. Nadhani alisema kwa ajili ya utaratibu tu. Mimi nimelisikia kama mwaliko.

Jumapili, 10 Machi

Nimejitafakari kwa kina. Kosa nimeliona, na ni kosa la zana. Ilikuwa rahisi mno, haikuniuliza maswali ya kutosha.

Nimepata ya tano. Hii inauliza kila kitu, mpaka kama unataka kujumuisha makazi ya taasisi. Sikujua maana yake, nikakubali. Takwimu zikiwa nyingi ni bora.

Na tazama nilichokiona. Eneo dogo katikati ya mji, wanawake watupu, wa umri wa kuzaa. Watoto tele, kuliko nyuma ya soko kwa mbali ukilinganisha na ukubwa wa eneo. Tena hakuna hata mmoja aliyefikisha mwezi. Kizazi kizima kitakachokua kikitusubiri, na mama zao wamelala hapohapo, karibu nao. Ni jumuiya ya namna gani hiyo? Sijui, ila natamani sana kuijua.

Shangazi amesema kesho twende wote tukaione, anakwenda hukohuko kumwona jirani aliyejifungua. Nimemwambia sina muda wa matembezi. Kesho asubuhi nawasilisha pingamizi.