Buibui Kumi na Mmoja wa Mama Limi

Mwaka 1952, Idara ya Viumbe Vidogo na Mengineyo, Shinyanga, ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba buibui warukao hatimaye wamepata ulinzi wa serikali. Umbo: mdogo kama punje ya mtama, ana manyoya, macho manane, mawili ya mbele yamemtoka kama ya mtu aliyeitwa barazani bila kuambiwa sababu. Mtawanyiko: haujulikani, lakini utajulikana. Mahali popote penye zaidi ya kumi, mwenyewe atahama ndani ya siku saba, ili buibui wapate utulivu.

Justa alilisoma tangazo neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la jioni. Kisha akahesabu ukuta wake wa udongo pale Ibadakuli. Kumi na mmoja. Ndio waliomfukuzia nzi mwanawe mchanga, Limi, tangu baba yake aende Geita kuchimba dhahabu.

Karani Herman akafika asubuhi, kaptula imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe.

"Mwangaluka, Mama Limi. Nimekuja kuhesabu."

"Mwangaluka, karani. Ukituhamisha, baba Limi akirudi atatukuta wapi?"

"Atawakuta buibui. Awaulize."

"Haya. Ila kanuni ya nne inasema buibui huhesabiwa pale alipo wakati mhuri unapogongwa."

"Inasema hivyo?"

"Nikusomee?"

"Soma polepole, niandike."

"Na mhuri uko wapi?"

"Ofisini! Mhuri hautembei ovyo, ni mali ya serikali."

"Basi buibui ndio watembee."

Herman nusura alie. Miaka sita kazini, hakuna raia aliyewahi kumsaidia namna ile.

Jumatatu kina mama wa Ibadakuli walipanga foleni ofisini, kila mmoja na kibuyu chake. Vikafunguliwa. Bwana Mkubwa wa Idara akagonga mhuri kwa heshima zote: Ibadakuli, hakuna. Ofisi, mia nne na sita.

"Hongera, Bwana," alisema Herman. "Ramani imekamilika. Una siku saba."

Siku ya nane Bwana Mkubwa alipiga hodi kwa Justa, kiti begani, kofia kichwani.

"Nimeambiwa nyumba hii haina buibui. Naomba hifadhi."

"Karibu, Bwana. Simama kwanza nihesabu."

Alimzunguka taratibu, Limi mgongoni.

"Nyumba haina, Bwana. Kofia yako inao kumi na mmoja."

Bwana Mkubwa alikuwa mtu wa sheria. Hakungoja siku saba. Aliihama kofia palepale.

Justa akaitundika juu ya kitanda cha Limi. Kufika adhuhuri, nzi walikuwa wameanza kupungua.